Mlali kwa Baiskeli: Njia Isiyomtisha Mtoto wala Mzee

Mlali tunayoizungumzia katika makala haya si ile ya Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ingawa mbele kidogo tutaigusa Kongwa kwa sababu maalumu. Ni Mlali ya Wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro, iliyokaa chini ya Milima ya Uluguru upande wa magharibi. Anayetoka Morogoro mjini hushika barabara kuu ya Iringa, akalipita Bwawa la Mindu, akafika Sangasanga, kisha akaiacha barabara kuu na kuingia kushoto kuelekea Chuo Kikuu Mzumbe na kijiji jirani cha Changarawe. Kutoka hapo barabara huendelea kuufuata mguu wa mlima hadi Mlali. Baada ya Mlali na Kipera ndipo huanza kupanda kwa ukali kwenda Mgeta, kwenye baridi, kabichi na karoti.

Tulikwenda kwa baiskeli, watu 14, wakiwamo wazee watatu, akina mama wanne na mabinti wawili wa madrasa. Hatukwenda kushindana. Tulikwenda polepole, tukisimama penye kivuli na penye jambo la kutazama, na mwendo ambao pikipiki huumaliza kwa muda mfupi sisi tuliutumia asubuhi nzima. Tunawaandikia wasomaji wa kurasa hizi za familia kwa sababu mbili: safari yenyewe ni nzuri na iko karibu, na tuliyojifunza njiani yamebadilisha uamuzi mmoja wa kamati yetu ya msikiti ambao ungeweza kuwagusa watoto kwa miaka mingi.

Mambo mawili mezani

Miezi michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja wa madrasa, mvulana wa miaka 12, aligongwa na pikipiki akirudi nyumbani kwa baiskeli. Alhamdulillah, alivunjika mkono tu, na sasa amepona. Lakini wazazi waliokuja ofisini kwetu baada ya ajali ile walikuwa na ombi zito: kamati ipige marufuku watoto kuja madrasa kwa baiskeli. Wazazi wengine wakapinga. Walisema mtoto asiye na baiskeli atatembea kwa miguu saa nzima kando ya barabara ileile, na jioni atafika nyumbani giza limekwisha kuingia.

Jambo la pili lilikuwa la ukuta. Kiwanja cha msikiti wetu ni waqfu wa bibi mmoja marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kwa miaka mingi hakikuzungushiwa chochote. Upande wa mbele, unaopakana na barabara ya lami, kuna kijia kilichochongwa na nyayo za watu na magurudumu ya baiskeli. Mchoro wa ukuta ulikuwa tayari na fedha za msingi zilikwisha kuchangwa. Kwa mchoro huo, ukuta ungesimama juu ya mpaka wa kiwanja bila kuacha hata shubiri moja. Ukijengwa hivyo, kijia kinakufa, na mtoto mwenye baiskeli hana pa kwenda isipokuwa kwenye lami, katikati ya daladala na bodaboda.

Katika ajenda ya kikao mambo haya yaliandikwa kwa namba mbili tofauti. Ni mzee mmoja wa kamati, mstaafu wa reli ambaye vijana wote humwita Babu, aliyetuambia kwamba ni jambo moja. Akapendekeza kwamba kabla ya kupiga marufuku baiskeli, na kabla ya kumwita fundi wa msingi, twende tukaendeshe baiskeli wenyewe mahali ambapo mtu bado anaweza kuendesha bila hofu, tukaone njia ya namna hiyo ikoje. Alipoulizwa ni wapi, alijibu neno moja: Mlali.

Kutoka Sangasanga

Kipande cha barabara kuu hatukukiendesha. Baiskeli tulizipakia kwenye kirikuu baada ya Swala ya Alfajiri, nasi tukapanda daladala mpaka Sangasanga. Hiyo ni barabara ya malori marefu yaendayo Iringa, Mbeya, na hata ng'ambo ya mpaka, Zambia na Kongo. Lori la namna hiyo likikupita karibu, upepo wake peke yake unatosha kumyumbisha mtu mzima, sembuse mtoto.

Kupitia dirishani tuliliona Bwawa la Mindu limetulia chini ya ukungu. Bwawa hilo huwapa maji wakazi wa mji wa Morogoro, na miongoni mwa mito inayoliingia ni Mto Mlali. Kwa hiyo wengi wetu tumekuwa tukitawadha kwa maji ya Mlali tangu utotoni bila kufika Mlali kwenyewe.

Sangasanga tulishusha baiskeli. Zilikuwa za kila aina: Phoenix nzito zenye karia pana nyuma, baiskeli za mitumba zenye gia, na tatu za kike zisizo na bomba la juu. Babu alikagua breki za kila mmoja, akaminya kila tairi kwa kidole gumba, kisha akatoa sharti moja tu la msafara. Aliye dhaifu kuliko wote ndiye atakayetangulia. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimwelekeza anayewasalisha watu awakhafifishie, kwa kuwa nyuma yake wamo mgonjwa, mnyonge na mzee, nasi tukaona kwamba hekima hiyo inafaa hata barabarani. Mbele wakawekwa mabinti wawili na mzee mmoja mwenye kisukari ambaye daktari amemshauri kuushughulisha mwili. Vijana wenye nguvu wakabaki nyuma, na walinung'unika mpaka Mzumbe.

Baada ya Mzumbe hakuna aliyenung'unika tena. Milima ya Uluguru ilikuwa imejitokeza yote, kijani kibichi chini, rangi ya bluu juu, na mawingu yamekaa kwenye mabega yake kama shuka iliyotupiwa. Barabara hainuki moja kwa moja kuelekea mlimani. Inauzunguka mlima kwa adabu, ikipanda kidogo na kushuka kidogo, hivyo mguu haupati adhabu. Kushoto na kulia ni mahindi, migomba, miembe, na mashamba ya nyanya yaliyofungwa vijiti. Mtu aliye ndani ya gari huyaona hayo kama rangi inayopita. Aliye juu ya baiskeli husikia maji yakitiririka mferejini, hunusa moshi wa kuni za chai ya asubuhi, na husalimiwa. Tulisalimiwa sana. Kila nyumba ilitoa salamu yake, na mabinti wetu waliokuwa mbele walijibu na kuamkia mpaka wakacheka wenyewe: shikamoo moja haijaisha, nyingine imeanza.

Jambo tulilokwenda kulitazama lilikuwa pembeni mwa barabara. Sehemu nyingi za mwendo ule zina njia ya pili, nyembamba, inayokwenda sambamba na barabara ya magari. Haikuchorwa na mhandisi yeyote. Ni udongo uliokandamizwa na wakulima wanaokwenda shambani, wanafunzi wanaokwenda shule, na baiskeli zilizobeba matenga ya nyanya. Humo ndani hatukuwa na hofu. Lori la mboga likipita, linapita kwake, nasi tuko kwetu, na kati yetu kuna hatua mbili au tatu za majani.

Lakini njia hiyo hukatika. Mahali pengine imekatwa na kibanda cha biashara kilichosogezwa mbele, mahali pengine na lundo la matofali au kokoto, mahali pengine na uzio wa mtu. Kila ilipokatika ilitubidi tushuke, tutazame nyuma, kisha tuingie kwenye barabara ya magari mpaka tulipite kizuizi. Binti mmoja alianza kuhesabu vizuizi hivyo. Alipofika cha tisa akamuuliza Babu, "Babu, hawa watu wanajua kwamba wamefunga njia?" Babu akamjibu, "Hawajui, mjukuu wangu. Kila mmoja anaona ameongeza hatua mbili tu."

Jibu hilo lilitusindikiza mpaka Mlali.

Mlali yenyewe

Mlali ni mahali pa kazi. Hapa nyanda za chini zinakutana na milima, na bidhaa za pande zote mbili hupitia hapa. Kutoka Mgeta hushuka kabichi, karoti, viazi na njegere; hapa Mlali kwenyewe hulimwa nyanya kwa maji ya mifereji. Baiskeli iko kila mahali, na haiko kwa starehe. Tuliona moja imebeba matenga mawili ya nyanya, nyingine gunia la mkaa lililozidi urefu wa mwenyewe, nyingine mama na mtoto mgongoni. Mzee mmoja mkulima alipotuona tumekaa chini ya mwembe, baiskeli 14 zimeegeshwa na hazina mzigo wowote, alisimama akatushangaa. Baada ya salamu akasema, "Wanangu, baiskeli ni punda. Nyinyi mmekuja kumtembeza punda bila mzigo?" Tulicheka, naye akacheka, kisha akaketi tukanywa naye chai na maandazi.

Tulimweleza kilichotuleta. Naye akatueleza kwamba njia ile ya pembeni ina umri mkubwa kuliko barabara ya magari. Watu walikuwa wakipita mguuni mwa mlima huu tangu zamani, na magari yalipokuja yaliikuta njia, hayakuileta.

Maneno yake yanaafikiana na historia. Agosti 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Jenerali Smuts lilitaka kuwanasa Wajerumani pale Morogoro, kwenye reli. Tarehe 24 ya mwezi huo wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Enslin waliingia hapa Mlali, ambapo Wajerumani walikuwa na ghala la risasi. Lakini kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, hakunaswa. Aliiacha reli, akajiondoa kwa njia za Uluguru kuelekea Kisaki, na Smuts alipouchukua mji wa Morogoro siku chache baadaye jeshi alilolifuata lilikwisha kupita. Pasipo reli mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi, Waafrika ambao wengi wao hawakurudi makwao na hawana hata kaburi lenye jina. Vijana wetu walijua habari za vita hivyo kutoka vitabuni. Hawakujua kwamba vilipita katika njia waliyokuwa wameiendesha asubuhi ile.

Adhuhuri tuliswali katika msikiti wa kijiji. Wenyeji walitupokea kwa ukarimu ambao hatuwezi kuulipa, wakatuwekea maji ya kutawadha, na baada ya swala wakatuuliza habari za watoto wetu kana kwamba wanawajua. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Reli zilizokufa, njia zilizozaliwa

Baada ya chakula, vijana walimwomba Babu awaeleze habari za reli. Ilikuwa ni hapo alipotufungulia mlango ambao hatukuutarajia.

Treni, alisema, ina nguvu ya ajabu katika tambarare, lakini mlimani ni dhaifu kuliko mbuzi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Ndiyo maana wajenzi wa reli huogopa mwinuko. Wanapofikia kilima hukizunguka, hukikata au hukitoboa. Wanapofikia bonde hulijaza tuta au kulijengea daraja. Wajerumani walipoanza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, walifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na hawakuthubutu kuigusa Uluguru. Reli ilipita kaskazini ya milima, ikashika tambarare kwenda Kilosa. Mlali haikupata reli kwa sababu hiyo. Lakini barabara yake, kwa kuufuata mguu wa mlima bila kuupanda, inamfanyia mwendesha baiskeli hisani ileile ambayo tuta la reli lingemfanyia.

Mmoja wetu aliyesomea ng'ambo aliongezea kwamba zipo nchi zilizoitambua hisani hiyo. Reli nyingi za mashambani zilipokufa Ulaya na Marekani, kwa kushindwa na malori na mabasi, vyuma viling'olewa lakini matuta yakabaki, yamenyooka na kupoa kama mkeka. Watu wakaona kwamba njia isiyoitesa treni haiwezi kumtesa mtoto, mzee wala mgonjwa. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, njia iliyokuwa ya treni kati ya miji ya Elroy na Sparta iligeuzwa ya baiskeli miaka ya 1960, pamoja na mahandaki yake matatu. Hispania ilianza mpango wa nchi nzima mwaka 1993, na leo ina zaidi ya kilomita 3,000 za njia kama hizo. Mojawapo hutoka mji wa Jaén, katika Andalusia, nchi ambayo Waislamu waliiita Andalus na kuilima kwa karne nyingi. Inakatiza mashamba ya mizeituni kwa kilomita zipatazo 128. Treni zilizopita humo zilibeba mafuta ya zeituni. Leo hupita familia, baba mbele, mama nyuma, watoto katikati.

Swali likaja lenyewe: je, sisi hatuna reli zilizokufa?

Tunazo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika. Ulianza mwaka 1947, ukavunjwa mwaka 1951 kwa hasara ambayo bado inasimuliwa. Kwa ajili yake ilijengwa reli ya tawi kwenda Kongwa, wilaya ile ya Mlali nyingine tuliyoitaja mwanzoni, na kusini ikajengwa reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Ya Kongwa iling'olewa. Ya kusini ilifungwa mwaka 1962, haijatimiza hata miaka 15. Unguja nayo ilikuwa na treni ndogo kutoka mjini hadi Bububu, kilomita zipatazo 11, iliyoanza mwaka 1905 na kuacha kubeba abiria mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wapo wazee waliosimuliwa na wazazi wao moshi wake.

Hakuna kati ya hizo iliyotengwa kwa makusudi kuwa njia ya familia na baiskeli. Reli ikifa kwetu, ardhi yake humezwa kimyakimya, hatua mbili hapa, hatua mbili pale, na baada ya kizazi kimoja hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na njia.

Tusieleweke vibaya. Reli ya Kati ya zamani ingali hai, na hatuiombei mauti. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ni neema kwa wasafiri. Wala hatumshauri mzazi yeyote kumruhusu mtoto kuendesha baiskeli kando ya reli inayofanya kazi. Hilo ni hatari na ni kosa. Tunalosema ni kwamba ardhi iliyokwisha kuwa njia ni mali ya watu wote. Vyuma vinaweza kuondolewa na magari yanaweza kuhamishwa, lakini uwanda ule ukishajengewa haurudi.

Haki ya njia

Katika mafundisho ya dini yetu njia ina haki. Mtume (S.A.W.) aliwakataza Maswahaba kukaa njiani, na walipomweleza kwamba hawana budi, aliwataka waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo akataja kuzuia udhia na kurudisha salamu. Alifundisha pia kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni tawi mojawapo la imani. Mara nyingi tunapolisoma fundisho hilo tunafikiria mwiba, jiwe au ganda la ndizi. Siku ile, tukirudi kutoka Mlali na kushuka kwenye baiskeli mara tisa kwa vizuizi vilevile tisa, tulifikiria kibanda, uzio na lundo la kokoto. Tulifikiria pia ukuta wetu ambao ulikuwa bado haujajengwa.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu. Hoja ya kusogeza ukuta ndani kwa mita mbili ilipingwa na watu wema kwa sababu njema. Mmoja alisema ardhi ya waqfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Je, kamati ina mamlaka gani ya kuikata mita mbili na kuwapa wapita njia? Mwingine aliogopa kwamba kilichoachwa nje ya ukuta leo, kesho kitadaiwa na mtu. Hizo si hoja za kupuuzwa, na hatukuzipuuza. Tuliwaendea masheikh wetu, nao wakatuongoza kama ifuatavyo.

Kwanza, ardhi ile itabaki waqfu kama ilivyokuwa, katika hati na katika nia. Hakuna anayepewa umiliki. Pili, bibi aliitoa ili watu waswali na watoto wasome, na njia inayomfikisha mtoto madrasa akiwa salama inalitumikia lengo hilohilo. Tatu, mipaka halisi iwekwe alama za kudumu na iandikwe katika kumbukumbu za msikiti na za serikali ya mtaa, ili asije mtu kesho akakiona kijia kitupu akakidhani hakina mwenyewe. Kwa masharti hayo, wajumbe waliopinga waliridhika, na mmoja wao ndiye aliyejitolea kununua zege la alama za mipaka.

Ombi la kupiga marufuku baiskeli nalo halikupita. Badala yake watoto wanaokuja kwa baiskeli hupangwa kwa makundi kufuatana na mitaa yao, kila kundi na mtu mzima mmoja, na hupita njia za ndani hata kama ni ndefu zaidi. Wapo wazazi ambao bado hawajaridhika. Tunaiheshimu hofu yao, na wala hatudhani kwamba mita mbili za kijia zimemaliza hatari ya barabara nzima.

Kwa familia zinazotaka kwenda Mlali

Chagueni msimu wa kiangazi, kuanzia Juni, mvua za masika zikishapita. Anzeni mapema, kwa sababu jua la saa tano mguuni mwa mlima halina huruma. Msiendeshe barabara kuu ya Iringa. Pakieni baiskeli mpaka Sangasanga. Kagueni breki zote mbili, mbele na nyuma, na beba pampu, viraka na gundi ya pancha. Anayeweza kupata kofia ngumu kwa ajili ya watoto asione aibu kuwavalisha.

Mama na mabinti wasizuiwe. Mama mmoja katika msafara wetu, aliyejifunza baiskeli utotoni na kuiacha alipoolewa, aliendesha vizuri kuliko vijana. Ushauri wake kwa wenzake ni huu: chagua baiskeli ya kike yenye kava la cheni, vaa suruali pana ndani, na ufupishe kidogo pindo la baibui au ulifunge, kwani nguo inayoburura inaweza kunaswa na gurudumu. Sitara na usalama havigombani vikipangwa mapema.

Wekeni saa ya kurudi kwa hesabu ya swala. Nunueni nyanya kwa mkulima kwa bei yake. Aliyezimwagilia anajua gharama. Chupa tupu rudini nazo. Na mkifika penye kizuizi kilichofunga njia ya pembeni, shukeni, msalimieni mwenye kibanda, nunueni hata maji kwake, kisha mwambieni kwa upole kwamba watoto hupita hapo. Kama alivyosema Babu, pengine hajui.

Kwa kamati za misikiti mingine tuna ombi moja. Barabara nyingi vijijini na mitaani zinapanuliwa au zinasubiri kupanuliwa. Mkutano wa kijiji au wa mtaa ukiitishwa kuhusu barabara, nendeni, na ulizeni kabla kazi haijaanza: mtoto mwenye baiskeli atapita wapi? Na kabla ya kuchora ukuta wa msikiti, shule au zahanati, tokeni nje mtazame chini. Pakiwa na kijia, kuna watu.

Kwetu, vigingi vya msingi vimekwisha kung'olewa na kupigwa upya, mita mbili ndani. Kamba imevutwa, na fundi anaanza wiki ijayo, Insha'Allah.